Bundi hana kosa, muacheni mama wa watu

Mhariri shikamoo, huku Mbeya baridi inatutesa ila hili nimeshindwa kulinyamazia. Mtaani kwetu Uyole yupo mama mmoja anaokota ndege walioumia, wengi wamepigwa manati na hawa watoto wetu, anawaweka kwenye boksi lenye kitambaa, gizani, watulie, na hawamiminii maji mdomoni maana anasema yanaingia kwenye mapafu. Wakipona wanaruka zao. Bustani yake sasa, jamani! Kapanda mishubiri, ikichanua, wale ndege wadogo wanaoitwa chozi wanajaa asubuhi wanafyonza maua, na dawa ya wadudu hapulizi, viwavi wa kabichi wanaliwa na ndege bure kabisa.

Juzi kaokota bundi kavunjika bawa, basi watu wakaanza oo huyo mchawi, mwingine kashika na jiwe. Bundi huyohuyo anayekula panya wanaotumalizia mahindi stoo! Kitulo hapo jirani tunaiita Bustani ya Mungu, ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wageni wanapanda ndege kuja kuangalia maua na ndege, sie tunawarushia mawe. Mwenyekiti wa mtaa kama unasoma, ongea na wazazi hizo manati zikusanywe.

Msomaji wenu, Uyole