Futa Kabla Hujapanda Ndege

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu Elia,

Salamu za nyumbani. Bibi yako hajambo, ila miguu ndiyo ile ile. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu nilikuandikia kirefu ukanijibu "sawa mama", na hiyo "sawa" yako naijua tangu una miaka sita. Barua anakuletea mdogo wako kwa treni ya Jumanne. Isome akiwepo, kisha mjibu yeye: umefuta, au hujafuta?

Nasema yale maandiko yako ya kuipinga dini uliyoyaweka mtandaoni, na wewe unakwenda kufanya kazi Muscat, Oman. Yote, si ya mwezi huu tu. Mpangaji wa chumba cha uani, yule kijana anayesoma sheria, amenieleza kuwa sheria ya jinai ya Oman ya mwaka 2018 inampa anayekashifu dini kifungo cha kuanzia miaka 3 hadi 10. Nikamuuliza, hata kama aliyaandika akiwa kwao, kabla hajakanyaga huko? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, ningekuwa mimi ningefuta." Huyo ni mwanasheria mtarajiwa anasema hivyo, si mimi mwuza vitumbua.

Najua utanitajia Mubarak Bala. Wewe ndiye uliyenionyesha picha yake, injinia wa kemikali wa Nigeria aliyeongoza chama cha wahumanisti kule, hao wanaoshika utu bila dini, ukanisimulia habari zake macho yanakung'aa. Mimi katika hadithi yote ile nilishika kitu kimoja: alipokamatwa Aprili 2020 mtoto wake alikuwa na wiki 6. Mahakama ya Kano ikamfunga miaka 24 kwa maneno ya Facebook juu ya dini, rufaa ikaja kuipunguza hadi 5, akatoka Januari 2025. Wewe ulisema, "Si umeona mama, ametoka?" Mimi nikahesabu umri wa mtoto. Alikuwa anakaribia miaka mitano.

Usiniambie naogopa bure. Ya Mbagala, Dar es Salaam, ya 2012 sina haja ya kukusimulia, ulikuwa kwa shangazi yako na moshi wa makanisa yaliyochomwa uliuona mwenyewe. Yalianza na mabishano ya watoto wawili juu ya Msahafu. Watoto, Elia.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilikuwa nasubiri ukue, halafu ukakua nikaendelea kusubiri.

Machi 2000 nilikuwa nauza vitumbua Msamvu, wewe uko mgongoni. Palitokea kesi ya mhubiri wa Kiislamu, Hamisi Rajabu Dibagula, aliyeshitakiwa kwa kusema hadharani hapo hapo Msamvu kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya hapa Morogoro ikamhukumu miezi 18. Habari ilipotufikia nikasema, "Afadhali." Nilisema kwa sauti. Na kwenye benchi nililokuwa nimekalia alikuwepo mama Zainabu, aliyekuwa akinibebea wewe ninapokwenda kuchota maji. Hakunijibu. Alibeba sufuria lake la uji akahamia upande wa pili wa barabara, na biashara yangu ya asubuhi ikawa nzuri zaidi kwa kuwa nilibaki peke yangu. Sasa hivi nasikia yuko Kilosa.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaifuta ile hatia. Mpangaji amenisomea hukumu polepole, nusu saa nzima. Walisema mtu akitangaza linalofundishwa na dini yake hawi mkosaji kwa sababu tu aliyesikia ameumia. Upande wa mashitaka uthibitishe kuwa alikusudia kwa makusudi kabisa kujeruhi imani ya wenzake. Na Katiba, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kubadili anachoamini, ingawa uhuru huo nao una mipaka yake. Wakati ule nilidhani Waislamu wamependelewa. Leo mwanangu niliyemfikisha kipaimara anasema maneno yale yale ya Dibagula, tena anavuka mbali zaidi, na siku wakikushika hapa nchini karatasi ya kwanza ambayo wakili wako ataiweka mezani ni kesi ya mtu yule. Nimelala na jambo hilo usiku mwingi.

Lakini sikia. Yeye alikuwa na dini ya kusema hiki ndicho tunachofundishwa. Wewe utasema nini? Nimemuuliza mpangaji, akasema ibara ile inataja mawazo na uchaguzi pia, kwa hiyo asiye na dini naye amo. Nataka kumwamini. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kile alichoshitakiwa nacho Dibagula, bado kipo, hakijafutwa, na tangu 2015 kuna na sheria ya mitandao. Hizo ni za hapa, ambako naweza kuja na chakula chako kituoni. Muscat nitakuja na nini?

Futa, baba.

Sisemi yote uliyoandika ni mabaya. Ulipoandika habari ya Moshi, watu 20 waliokufa kwa kukanyagana uwanjani Februari 2020 wakikimbilia mafuta ya upako, nilimpa bibi yako simu asome, na akasoma mara mbili. Ya Shakahola nayo, miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa msituni kule Kilifi, Kenya, watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamwone Yesu. Uliandika kwamba anayekataza maswali ndiye wa kuulizwa kwanza. Niliinakili sentensi hiyo, iko kwenye Biblia yangu. Wanajumuiya walipoanza kusema mtoto wa fulani amepotea, niliwaambia someni kwanza alichoandika.

Kisha ukaja kuweka picha ya mama Tumaini. Ulifunika macho yake, lakini kanga ile mtaa mzima unaijua. Mama amezika watoto wawili, ananunua chupa ya maji ya baraka kwa elfu tano, wewe unamwandika "mjinga wa mwaka". Watu mia ngapi wakacheka? Muuzaji wa chupa hukumgusa hata kidogo, ukamgusa aliyenunua. Hapo, mwanangu, hakuna mahakama iliyohitajika kunieleza maana ya kukusudia kujeruhi. Nilikwenda kwake na kuku. Alimpokea kuku, kiti hakunipa.

Unaniambia uhumanisti ni kumtendea mtu wema bila kungojea pepo wala kuogopa moto. Sina ugomvi nao. Babu yako alibatizwa akiwa mzee kabisa, na kabla ya hapo ndiye aliyemwosha na kumzika yule jirani wa kipindupindu wakati katekista alisimama barabarani. Utu huo uliukuta nyumbani, hukuutoa kwenye intaneti. Basi utumie na kwa mama Tumaini. Ukifuta moja tu, anza na hiyo. Lakini usifute moja tu.

Na ukifika huko, wakikuuliza dini yako, sikuombi useme uongo wala sikuombi usali. Jibu kifupi, geuzia maneno kwenye kazi. Kunyamaza kwenye nyumba ya watu si kusujudu. Ukitaka kubishana, bishana na mimi kwa simu, mchana, si saa saba za usiku ukiwa na hasira. Nitabishana. Zamani sikutaka, najua.

Mambo ya hapa: bati la upande wa jikoni limeanza kuvuja tena, fundi anataka laki moja na ishirini, nimemwambia asubiri mshahara wako wa pili, wa kwanza ule mwenyewe. Ndizi za Matombo mjomba wako amevuna, ameleta mikungu mitatu, mmoja nimekupakia. Jiko la mkaa limetoboka chini na nimeshindwa kulitupa, ndilo lile nililochomea daftari lako la bluu la maswali uliyokuwa ukimwuliza katekista. Hawakuwa panya, kama nilivyokuambia. Yapo mawili ninayoyakumbuka bado na sijayapatia jibu, moja la watoto wanaokufa kabla ya ubatizo. Nimemwambia mdogo wako akununulie daftari jingine pale stesheni, lakini hilo ni la kuandikia mkononi na kufunga kwenye begi, si la kupiga picha.

Ada ya mdogo wako ya muhula huu nimemaliza, usitume. Mchango wa jumuiya nimekutolea kama kawaida, jina lako bado liko kwenye orodha na sitalitoa, usinigombeze.

Koti la babu yako liko chini kabisa ya begi, wanasema ofisini kwao kiyoyozi ni kikali. Kifungo cha shati jeupe nimekishona upya. Ndege ni Alhamisi saa tisa usiku, kwa hiyo una Jumanne jioni na Jumatano nzima. Mdogo wako nimemwambia asipande treni ya kurudi mpaka ashike simu yako aone mwenyewe kwamba hakuna kitu. Akikwambia ana haraka usimwamini, tiketi yake ni ya Jumatano jioni.

Mama yako