Barua kwa mwanangu: joho la nyota la Bamberg

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata kwenye simu, marahaba. Hili la Bamberg, huu mji wa Ujerumani niliotembelea, nimeona nikuandikie kabisa maana kwa meseji haliishi, na wewe kama mtumishi wa altare ndo utanielewa kuliko wengine wote hapo nyumbani.

Kanisa kuu la huko lina minara minne. La kwanza lilitabarukiwa 1012 enzi za Kaisari Heinrich II, likaungua mara mbili, hili la sasa ni la 1237. Yeye na mkewe Kunigunde wamezikwa humo, wote watakatifu, na Papa Klementi II aliyefariki 1047 naye yumo. Ila mimi kilichoniteka ni mavazi, yapo makumbusho ya jimbo hapo hapo ubavuni mwa kanisa.

Kuna joho la Heinrich wanaliita joho la nyota, lina miaka kama elfu moja hivi, hariri ya bluu imejaa nyota na watu na wanyama wa makundi ya nyota na maandishi ya Kilatini, na Kristo yuko katikati. Nimelisogelea nikaangalia uzi wenyewe. Ule uzi wa dhahabu haupiti ndani ya kitambaa kama tunavyoshona sisi, unalazwa juu juu halafu unabanwa na vishono vidogo vya hariri, hivyo dhahabu yote inabaki mbele inaonekana, nyuma haipotei kitu. Na kitambaa cha mwanzo kilichakaa, karne ya 15 wakazihamishia zile nakshi kwenye kitambaa kipya, fikiria subira ya hao mafundi! Majina yao hatuyajui, mimi nimewaombea.

Mavazi ya Papa Klementi nayo yalitolewa kaburini, hadi soksi zake za hariri zipo, ndefu, na nilisimama hapo muda mrefu sana kwa sababu unaona kabisa kwamba huyu alikuwa mtu mwenye miguu, alivaa akapanda altareni kama padre wetu anavyovaa alba, stola, na juu kabisa kasula, kila kimoja na zamu yake.

Sasa ombi langu. Ile kasula ya sikukuu yenye nyuzi za dhahabu hapo sakristia msiikunje, kwenye mkunjo ndo nyuzi zinakatika. Mwambie mkuu wa sakristia kwa heshima, itundikwe kwenye henga pana ya mabega, na pasi isiguse nakshi.

Wasalimie wote,
Mama