Mama aliacha kukuna nazi kumsikiliza seneta

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa kifuani muda mrefu, nalo ni hii kazi ya maseneta wetu kule bungeni. Manake naona kila siku tunawapima kwa mambo mengine kabisa, nani alienda matanga ya nani, nani alimrushia mwenzake maneno kwa mkutano, nani alitoa ngapi kwa harambee, lakini yale anayosema akisimama ndani ya Seneti, ambayo ndio kazi tuliyomtuma, hayo hakuna mtu anayafuatilia. Hata mimi nilikuwa hivyo mpaka 2020.

Mimi ni mkaazi wa Changamwe hapa Mombasa. Nilikuwa karani kwa yadi moja ya makontena, kazi yangu ilikuwa makaratasi, kukimbia huku na huku na faili mpaka mzigo utoke geti. Agosti 2019 ikatoka ile amri ya kwamba mizigo ya bara ipandishwe SGR, ile reli mpya, ikatolewe Nairobi, na kila mtu wa huku anajua kilichofuata, malori yakapungua barabarani, mama wa chapati pale kwa stendi ya malori akafunga, na sisi kwa yadi tukaanza kuambiwa njoo wiki hii usije wiki ijayo, mwisho ikawa usije kabisa. Halafu ikaingia korona. Basi nikawa niko nyumbani mchana kutwa mimi na mama yangu na simu, na hiyo simu ndio ilinipeleka Seneti, manake vikao wanaviweka laivu na mimi sikuwa na la kufanya.

Wakati huo kulikuwa na ule mvutano mkubwa wa mfumo wa kugawa pesa za kaunti. Kwa wale waliosahau, katiba kifungu cha 217 kinasema Seneti ndio inaamua kila baada ya miaka mitano pesa za kaunti zigawanywe kwa vigezo gani. Mfumo wa pili uliokuwa ukitumika ulikuwa unaweka idadi ya watu asilimia 45, umaskini 18, mgao sawa kwa kila kaunti 26, na vingine vidogo vidogo. Sasa ikaja mapendekezo mapya na kaunti nyingi za kaskazini na huku kwetu Pwani zikaonekana zitapoteza pesa, na upande wa pili wakawa wanasema mtu mmoja kura moja shilingi moja. Yaani kaunti yenye watu wengi ipate zaidi. Walivutana miezi, kikao baada ya kikao kinaahirishwa, mpaka tarehe 17 Agosti 2020 maseneta watatu, Malala wa Kakamega, Langat wa Bomet na Lelegwe wa Samburu, wakakamatwa na polisi. Ikaundwa kamati ya maseneta 12, Sakaja na Wetang'ula wakiongoza, na Septemba 17 ndio wakakubaliana, na rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akaahidi kuongeza pesa ili isipatikane kaunti hata moja ya kupata chini ya ilichokuwa ikipata. Zikatoka bilioni 316.5 zikaenda bilioni 370 mwaka uliofuata.

Mimi nilikaa nikawaza sana hapo. Hizo ni bilioni 53 na nusu zilizopatikana kwa sababu watu walisimama wakaongea na wakakataa kukaa chini. Hawakurusha mawe wala viti. Walitoa hoja, wakataja takwimu za kaunti zao, wakapigiwa kelele na wakaendelea. Na kura pale haihesabiwi kwa vichwa, kwa jambo la kaunti kila kaunti ina kura moja, ziko 47 na unahitaji 24, kwa hivyo Lamu yenye watu wachache iko sawa na Nairobi. Sasa seneta wako akinyamaza, ama asipofika siku hiyo, ni kaunti yako nzima imenyamaza.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni mama yangu.

Mama hakusoma sana, Kiingereza hajui, lakini mambo ya nchi anayapenda kushinda mimi, redio yake haizimwi. Siku moja kwenye huo mjadala nimeweka simu juu ya kigoda tunasikiliza, yeye amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya mchuzi wa jioni. Wamesimama maseneta mmoja baada ya mwingine, Kiingereza kitupu, tena Kiingereza cha mawakili, na mama kila dakika ananiuliza "huyu asemaje? na huyu je?" na mimi natafsiri nusu nusu, nyingine hata mimi sizijui vizuri nakwepa. Halafu ikafika zamu ya Seneta wetu wa Mombasa, Mohamed Faki, akasimama akaanza, Asante Bwana Spika, na akaenda kwa Kiswahili mpaka mwisho. Mhariri, mama aliacha kukuna nazi. Alibaki na kifuu mkononi, ametulia, macho kwa simu. Alipomaliza yule seneta mama hakuniuliza asemaje, aliniambia, "Hapa kwa umaskini amesema kweli, lakini mbona hakusema na hospitali?" Tukaanza kubishana mimi na yeye juu ya mgao wa mapato ya taifa, mama yangu mwenye miaka sabini na mimi karani asiye na kazi, na nazi imewekwa kando.

Hapo ndipo nilielewa kumbe muda wote mama alikuwa amefungiwa nje ya mlango. Maoni alikuwa nayo, pesa zinazogawanywa ni zake pia, kodi analipa kila akinunua sukari, lakini mazungumzo yalikuwa kwa lugha ambayo haimhusu.

Kwa hivyo mimi nataka kumshukuru Seneta Faki hadharani. Simshukuru kwa sababu ya chama, wala simjui, sijawahi hata kumsalimia. Yeye ni wakili, Kiingereza anakijua vizuri tu, angeweza kuongea kama wengine na ingemrahisishia manake miswada yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, lakini tangu achaguliwe 2017 amekuwa akichangia hoja kwa Kiswahili, iwe ya bandari, ya ardhi, ya kaunti, na akitaja mambo ya sheria anatafuta neno lake. Wakati mwingine hilo neno ni gumu na mama hunikonyeza nieleze, sawa, lakini ukilielezwa mara moja umelijua.

Na hii si kama anaombewa ruhusa. Katiba kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Mzee Jomo Kenyatta alitangaza Kiswahili kitumike bungeni tangu 1974, mimi sijazaliwa. Sasa mbona mpaka leo seneta akiongea Kiswahili wenzake wanacheka na kupiga meza kama wameletewa mtu wa kuwatumbuiza? Hilo linaniuma sana. Anaongea mambo ya maji na mishahara na wao wanafurahia misamiati. Tena kuna ile kanuni yao kwamba ukianza na lugha moja umalize na hiyo hiyo, usichanganye, na nimeona maseneta wengi wanaanza vizuri na Kiswahili, wanafika kwa takwimu wanakwama, wanaingiza Kiingereza, mwenzake anasimama na hoja ya nidhamu, yule anaona aibu na siku nyingine hajaribu tena. Wajaribu tu. Mama zetu hawatafuti ufasaha, wanatafuta kujua.

Mambo ya bandari nayo yalienda, Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema ile amri ya SGR ilikuwa kinyume cha katiba, na Septemba 2022 Rais Ruto siku ya kuapishwa akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Yadi yetu haikufunguka tena, saa hii naendesha tuktuk, lakini nikibeba abiria nasikia wanavyoongea. Oktoba 2024 wakati Seneti inasikiliza kesi ya kumng'oa Gachagua, naibu rais wa wakati huo, mashtaka 11 na yakapita matano, kila tuktuk na kila kibanda kilikuwa na sauti ya bunge, watu hawalali. Vizuri. Lakini ulipokuja mjadala wa mfumo wa nne wa pesa za kaunti, huu wa kuanza mwaka wa fedha 2025/26 mpaka 2029/30, sikubeba abiria hata mmoja aliyeutaja. Miaka mitano ya dawa zetu, barabara zetu na chekechea zetu iliamuliwa na sisi hatuna habari, na siwalaumu abiria wangu kwa sababu nani aliwaambia?

Ndio nakuja kwako Mhariri, kwa heshima. Gazeti lako ni la Kiswahili na linasomwa kwa kinyozi, kwa hoteli, linafungiwa hata maandazi na bado mtu anasoma kile kipande. Tenga hata nusu ukurasa kila wiki wakati Seneti iko kwa vikao, utuambie seneta wa kaunti gani alisimama, alichangia hoja gani, alisema nini, alipiga kura upande gani na nani hakuonekana. Bila kuongeza chumvi. Ile habari ya nani alimtukana nani kwa mazishi mtuwekee ndogo chini huko. Na nyinyi maseneta, najua wasaidizi wenu wanasoma barua hizi, mkichangia jambo kubwa la nchi, la deni, la ushuru, la mgao, semeni kwa Kiswahili hata mara moja kwa wiki, mtaona simu mtakazopigiwa na watu ambao hawajawahi kuwapigia.

Mama bado yuko, na ile hesabu ya mfumo uliopitishwa 2020 ameishika mpaka leo, kwamba afya iliwekewa asilimia 17. Nilipomwambia naandika barua kwa gazeti ameniagiza nimuulizie Seneta swali lake, na nimeahidi nitaliandika vile alivyolisema: "Mwanangu, muulize, hiyo kumi na saba ya afya ilipokuwa ikifika huku ilikuwa ikishuka kituo gani, manake mimi dawa ya presha kila mwezi naambiwa nikanunue nje."

Msomaji wenu,
Changamwe, Mombasa