Farao mbele ya mlango wa mungu

Mpendwa Rukia,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Swali la wanafunzi wako nimelipata, na ni zito: je, Wamisri wa kale walimwabudu Farao kama mungu? Naelewa linakotoka. Wamekuja darasani na Firauni wa chuoni au Farao wa kitabu cha Kutoka, mtu aliyejikweza mbele ya Mwenyezi Mungu. Nakuomba usiwajibu ndiyo wala hapana kabla hawajajua mfalme huyo alikuwa na kazi gani kila alfajiri.

Anza na hekalu la mfalme Seti wa Kwanza kule Abydos, kusini mwa Misri, la karne ya 13 KK. Katika vyumba vya miungu, ibada ya kila siku imechongwa ukutani hatua kwa hatua, na hati ya mafunjo iliyohifadhiwa Berlin ina maneno yaliyosomwa katika ibada kama hiyo kwa Amun, mungu mkuu wa hekalu la Karnak mjini Thebes. Kuhani hujitakasa kwa maji ya ziwa la hekalu na kusafisha kinywa kwa magadi. Huwasha moto, hushika chetezo, hutia ubani juu ya makaa. Akifika mbele ya kabati la sanamu ya mungu huvunja muhuri wa udongo, hufungua kamba, huvuta komeo, na milango miwili hufunguka. Husujudu akabusu ardhi, kisha huimba sifa. Sanamu huvuliwa nguo za jana na kufutwa marhamu ya jana, hunyunyiziwa maji, hufukizwa, huvishwa vitambaa vya kitani, cheupe, cha kijani na chekundu, hupakwa mafuta kwa kidole kidogo na wanja machoni. Ikishaandaliwa chakula, mlango hufungwa, udongo mpya hupigwa muhuri, na kuhani hufagia nyayo zake sakafuni akitoka. Adhuhuri na jioni kulikuwa na ibada fupi zaidi.

Katikati ya hayo kuna tendo ambalo wanafunzi wasilikose. Mfalme anamnyooshea mungu kisanamu cha Maat, bibi aliyeketi na unyoya kichwani. Maat ni haki, ukweli na mpangilio wa dunia kwa pamoja: hukumu isiyopindishwa, Nile inayofurika kwa wakati wake, mipaka inayolindwa, mjane asiyenyang'anywa shamba. Mungu naye, katika maonyesho mengine, anamsogezea mfalme alama ya uhai puani, na maandishi ya pembeni yanamwahidi uzima, miaka mingi na ushindi. Hapo ndipo penye kiini cha utawala wao. Mfalme anapeleka Maat juu, uhai unashuka kupitia kwake.

Sasa waulize: nani anafanya ibada hii ukutani? Karibu kila mara ni mfalme, hata pale ambapo hakuwahi kukanyaga. Nchi nzima, kutoka Aswan hadi Delta, ilikuwa na mahekalu yaliyofunguliwa alfajiri ileile, na mtu mmoja hawezi kuwa kote. Kwa hiyo makuhani walikuwa manaibu wake, na hati ya Berlin inamtaka kuhani atamke mbele ya mungu kwamba mfalme ndiye aliyemtuma. Katika Ufalme Mpya (takriban 1550–1070 KK) wengi wao walihudumu kwa zamu nne: mwezi mmoja hekaluni, miezi mitatu nyumbani kwenye shughuli zao. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia karne ya 5 KK, anasema walinyoa mwili mzima na kuoga maji baridi mara mbili mchana na mara mbili usiku. Mtu wa kawaida aliishia nyuani. Alimwona mungu siku ya sikukuu, sanamu ikitolewa ndani ya mashua takatifu mabegani mwa makuhani, nayo ikiwa imefunikwa.

Kwa hiyo ukitaka jibu la kuandika ubaoni, andika hivi: cheo kilikuwa cha kimungu, mtu alikuwa mtu. Akiwa kwenye kiti cha enzi alikuwa Horus, mungu wa ufalme, tena aliitwa mwana wa Ra, mungu wa jua, na akifa akawa Osiris, mungu wa wafu. Wapo waliovuka hapo. Kule Abu Simbel, Ramesses wa Pili ameketi chumba cha ndani kabisa pamoja na miungu Ptah, Amun na Ra-Horakhty, na kuna onyesho ambamo Ramesses mfalme anamtolea sadaka Ramesses mungu. Lakini watu wa jumba la kifalme hawakupotoshwa na mawe hayo. Ramesses wa Tatu, wa karne ya 12 KK, alipangiwa njama na mmoja wa wake zake, Tiye, ili mwanawe Pentawere atawale. Kumbukumbu za kesi zipo, na uchunguzi wa maiti yake kwa mashine uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha koo limekatwa hadi mfupani.

Vitabu vingi vya shule huishia kwenye majina ya miungu na kusahau mkate. Baada ya mungu "kula", sadaka haikutupwa. Ilipita kwa miungu wadogo na sanamu za wakubwa waliokufa, halafu ikagawiwa makuhani na wafanyakazi kama posho. Hekalu lilikuwa pia ghala. Hati ndefu ya mafunjo iliyoandikwa Ramesses wa Tatu alipofariki inaorodhesha, kwa Amun wa Thebes peke yake, watu zaidi ya 86,000 na ardhi ya takriban hekta 236,000 kwa vipimo vyetu. Mkondo huo ukiziba, Maat imevunjika na kila mtu anaona.

Na uliziba. Mwaka wa 29 wa utawala wa mfalme huyohuyo, mafundi wa makaburi ya kifalme waliokaa Deir el-Medina, kijiji chao karibu na Thebes, waliacha kazi. Fundi wa kawaida alistahili kwa mwezi magunia manne ya ngano na moja na nusu ya shayiri kwa ajili ya bia, gunia likiwa lita 77 hivi. Siku 18 za mwezi zilikuwa zimepita na njaa imewakamata. Walipita kuta za walinzi, wakaketi nyuma ya hekalu la Thutmose wa Tatu, kisha wakaenda kwenye hekalu la Ramesses wa Pili, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na nafaka. Walitaka Farao aandikiwe. Nasisitiza hilo: hawakumkana, walimdai wajibu wake. Miaka kama kumi baadaye, nahodha wa boti ya nafaka ya hekalu la mungu Khnum, kisiwani Elephantine karibu na Aswan, alishtakiwa kwa kuiba na wenzake zaidi ya magunia 5,000 kwa miaka kadhaa.

Mfalme Akhenaten alikuwa ameujaribu mfumo huo kwa njia nyingine karne mbili kabla: alimtukuza Aten, duara la jua, peke yake, akafuta jina la Amun kwenye mawe. Jiwe la Tutankhamun, mfalme aliyetawala muda mfupi baada yake, lililopatikana Karnak linasema mahekalu yalikuwa yameota magugu, jeshi likitumwa halifanikiwi, na mtu akimwomba mungu, haji. Dawa yake ni ya kiutendaji kabisa: akateua makuhani kutoka watoto wa wakubwa wa miji, akarudisha watumishi, na akatengeneza sanamu mpya ya Amun ya kubebwa kwa mipiko 13, ambapo awali ilikuwa 11.

Kwa somo la mwisho tafuta picha mbili za Karnak. Ya kwanza ni ya kuhani mkuu Amenhotep, aliyejichonga kimo sawa na Ramesses wa Tisa. Mbele ya mfalme, hilo lilikuwa jambo lisilofikirika. Ya pili ni ya kuhani mkuu Herihor kwenye hekalu la mungu Khonsu, naibu aliyejitwalia kazi ya bwana wake, yaani mfalme: ndani ya duara la majina ya kifalme ameandika "Kuhani Mkuu wa Amun". Waoneshe picha kwanza bila maelezo, uwaache wapime vimo wenyewe.

Nisalimie wanafunzi wako.

Wako,
Zuhura