Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kusikiliza

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mhazini mwenyewe. Darubini za chama ziko salama, na ada zimeingia vizuri, nawashukuru. Ninalotaka kulizungumzia kwa kirefu ni lile lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: kumtambua ndege kwa sauti wakati haonekani.

Ufukweni macho yanatosha. Mnandi anaanika mabawa juu ya jiwe, furukombe ametulia kwenye mti mkavu, na akilia hakuna mtu wa Mwanza atakayeuliza ni nani. Ukiingia vichakani mambo hubadilika. Hata Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013 na kipo hapa hapa mjini, kina kona ambazo unasikia mengi na kuona majani tu.

Mtakumbuka mabishano yetu kwenye kichaka kando ya ziwa. Ulisikika mluzi laini, na papo hapo mkwaruzo kama kitambaa kinachochanwa. Wengi walisema ni ndege mmoja. Tulipojigawa, kundi moja upande huu na jingine upande wa pili, ikawa wazi kuwa mluzi unatoka kushoto na mkwaruzo kulia. Baadaye wakajitokeza: weusi mgongoni, wekundu kifuani, jicho la njano. Ni jamaa ya tiva, ndege wa vichakani, kitaalamu Laniarius erythrogaster. Dume hupiga mluzi, jike humjibu upesi mno hata sikio halioni mwanya kati yao. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la mwaka, na hatukulipata kwenye simu.

Simu nazo zina kazi yake. Tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa 2005, ina sauti za ndege zilizorekodiwa na watu wa nchi nyingi, na yeyote anaweza kuzisikiliza bure. Ila naomba tuandike kwanza, ndipo tufungue simu. Sauti inapanda au inashuka? Inarudiwa mara ngapi kabla ya kunyamaza? Inatoka kileleni au chini kwenye nyasi? Dudumizi, kwa mfano, hushusha sauti yake hatua kwa hatua, na mara nyingi huwa chini kwenye kichaka kizito. Aliyeandika hayo anakuwa karibu na jibu kabla hajalinganisha na rekodi yoyote. Anayeanza na simu hukubali jina la kwanza linalofanana.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: tusiwapigie ndege rekodi za sauti zao ili wajitokeze. Ndege anayelinda eneo lake hudhani mpinzani ameingia, huacha kula, huacha kiota, akimtafuta adui asiyekuwepo. Msimu wa kutaga ndio mbaya zaidi. Kamati imeazimia kwamba jambo hili lisifanyike kwenye matembezi ya chama, nami naunga mkono kwa moyo wote.

Mwaka ujao tunapendekeza matembezi yaanze kabla jua halijachomoza, kwani saa hiyo ndege huimba sana na boti bado ni chache. Wenye rekodi wasizozitambua wazilete kwenye mkutano mkuu, kila moja ikiwa na tarehe, saa na mahali iliporekodiwa. Tutazisikiliza pamoja baada ya uchaguzi wa kamati.

Mwenyekiti