Barua ya wazi kwa mafundi seremala wa Mbeya: kianzio cha mteja si mtaji wako

Wanangu wa Mwanjelwa, Soweto, Kabwe, Iyunga, Uyole na Mbalizi, na ninyi wa Mafinga na Makambako mtakaofikishiwa barua hii na wenzenu,

Salamu kwanza. Mugonile kwa wa Rungwe, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na wote mlioniamkia barabarani nisisikie kwa sababu ya kelele za mashine za kuranda, marahaba.

Kila ninapopita kwenye karakana zenu naambiwa jambo lilelile: wateja wamepungua. Mnasema watu wanakimbilia kabati za dukani za MDF, yaani mbao za kiwandani za unga wa mbao na gundi, zile ukizihamisha mara mbili skrubu zinalegea, na wanaacha mninga wenu ulioungwa kwa ulimi na tundu. Mnasema tatizo ni bei. Mimi sikubaliani nanyi. Kabati la dukani mara nyingi si rahisi kuliko lenu. Ila mteja akilipa saa nne asubuhi, saa sita limeshapakiwa kwenye kirikuu linakwenda kwake. Hakuna njoo kesho. Hapigi simu isiyopokelewa, wala haambiwi fundi amekwenda msibani kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Mteja anayewakimbia anaukubali ufundi wenu. Anachokiogopa ni kukuachieni hela yake.

Na hofu hiyo haikutoka hewani. Tuseme ni Juni au Julai. Mpunga wa Usangu umevunwa, kahawa ya Mbozi inaanza kuingiza hela, na watu waliokuwa wakipandisha nyumba zao taratibu wanataka milango na vitanda. Mama anashuka kutoka Chimala, anapatana nawe kitanda cha futi tano kwa sita na kabati la milango mitatu, anakupa kianzio cha laki tano. Ile laki tano haikai mfukoni hata siku mbili. Laki mbili na nusu unanunulia mbao za kabati la mwalimu aliyelipa tangu Aprili na sasa anatishia kwenda polisi. Laki moja kodi ya banda. Nyingine umeme, ada ya mtoto, deni la gundi na misumari dukani. Sasa kazi ya mama wa Chimala haina mbao, na haitaanza mpaka aje mteja mwingine na kianzio chake. Kila mteja mpya analipia kazi ya mteja wa zamani, na wa mwisho kwenye foleni ndiye anayeumia. Mwezi wateja wakikatika, ambao kwa huku kwetu ni Januari na Februari watu wanapohangaika na ada na mbolea, mnyororo mzima unakatika nanyi mnazima simu.

Msione nawasema kwa ubaya. Wengi wenu si wezi. Mnafanya kazi usiku na mchana, na mteja huyo mnakusudia kabisa kummalizia. Lakini mama wa Chimala haoni makusudio yenu. Anaona Agosti imefika, halafu Septemba, na kila akipiga simu anasikia "mama, bado kupaka vanishi tu," wakati mbao zenyewe bado ziko Mafinga. Huyo akirudi kijijini, harusi ijayo hakuna atakayetumwa kwako.

Kwa hiyo, bei ya kila kazi igaweni sehemu tatu mbele ya mteja, kwenye karatasi: vifaa, ufundi, faida yenu. Kianzio kiwe gharama ya vifaa, basi. Akitaka kukupa zaidi, mwambie abaki nayo, na mtaona anavyokuangalia. Kanunueni mbao siku ileile au kesho yake, kabla hela haijapata kazi nyingine. Zikifika bandani, andikeni jina la mteja kwa chaki kwenye kichwa cha kila ubao, mpige picha, mmtumie. Malipo ya pili yaje fremu ikiwa imesimama, kabla ya msasa wa mwisho na vanishi, naye aalikwe aje kuiona, aitikise, afungue droo. Kilichobaki alipe mzigo ukiwa mlangoni kwake. Hela ya vifaa isikae kwenye laini ileile unayotumia kununulia vocha na nyanya. Tafuteni laini ya pili.

Mtaniuliza kodi ya banda itatoka wapi. Itatoka kwenye ufundi na faida ya kazi zilizokwisha. Kama hazitoshi, basi bei zenu ziko chini, au mna mafundi wengi kuliko kazi, na hapo dawa ni kikoba, mkopo wenye masharti mnayoyaelewa, au kupunguza banda. Hela ya mtu aliyekuamini isiingizwe humo. Najua miezi ya kwanza itakuwa migumu, hasa kwa aliyekwisha kuingia kwenye mnyororo. Nitalirudia hilo mwishoni.

Jambo la pili ni tarehe. Fundi akiulizwa kazi itaisha lini anajibu "wiki mbili" hata kabla hajasikia ni kazi gani. Hesabuni. Mbao zinazotoka kwenye mashine za kupasua za Mufindi, za paina au mlingoti, mara nyingi bado zina maji. Ukiziranda zikiwa hivyo ukaunga kabati mwezi wa tatu, ikifika Septemba upepo mkavu ukishapita, paneli zimepasuka na mlango hauingii kwenye fremu. Mteja hatasema ni hali ya hewa, atasema ni wewe. Zipangeni kivulini, kila safu na vijiti katikati upepo upite, na muda huo wa kukauka uingie kwenye tarehe mnayompa. Ongezeni siku za umeme kukatika. Kama ni Juni au Julai, ongezeni na siku za vanishi, maana kwa baridi ya Mbeya tabaka moja la vanishi linaweza kukuchelewesha kuliko mnavyosoma kwenye kopo. Hesabu ikitoka siku 30, semeni 35. Mteja anayepigiwa siku ya 32 aambiwe kazi yake tayari, huyo mmempata. Na mkiona mtachelewa, mpigieni ninyi kwanza, kabla ya siku yenyewe. Simu ya fundi anayetangulia kusema "nitachelewa siku nne, sababu ni hii" ni nadra sana mjini hapa, kiasi kwamba watu huisimulia.

Kuhusu aina ya mbao nitakuwa mkali kidogo. Kuna mtindo wa kupaka paina rangi ya mninga na kuiuza kwa bei ya mninga. Paina si mbao mbaya. Ikikauka vizuri na kutunzwa, inafaa kitanda cha mtoto, shelfu, dari. Ubaya ni jina la uongo. Wateja wa siku hizi si wa kudanganywa. Nimemwona mzee mmoja kwenye maonyesho ya Nanenane pale uwanja wa John Mwakangale, alifika kwenye banda la fenicha, hakuuliza bei. Alichomoa droo nzima, akaigeuza, akakwaruza kwa ukucha upande wa chini ambako rangi haikufika. Kisha akainamisha kiti akatazama miguu ilivyoungwa, kama ni ulimi wa mbao au msumari uliofunikwa kwa gundi na unga wa msasa. Akairudisha droo polepole, akaondoka bila neno. Fundi aliyesimama pale alikuwa bado anamsifia vanishi. Sehemu isiyoonekana ndiyo inayokaguliwa na mteja mwenye hela. Pigeni msasa hata chini ya droo, na kwenye risiti yenu andikeni wazi: kabati la paina, fremu ya mninga, au vyovyote ilivyo. Mkinunua mninga au mkongo, nunueni kwa muuzaji mwenye vibali vya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na mtunze risiti yake, ili mteja wa hoteli au ofisi akiuliza mbao zimetoka wapi, mna cha kumwonyesha.

Picha za simu nazo zimeharibu majina. Kijana anachukua picha ya sofa kutoka Uturuki, anaiweka kwenye WhatsApp, mteja wa Tunduma anaipenda, anatuma kianzio, na kinacholetwa ni binamu wa mbali wa ile picha. Wekeni kazi zenu tu, hata kama ni tano. Pigeni nje, kwenye mwanga wa asubuhi, mbele, nyuma na kwenye maungio. Na mteja akikuletea picha ya kwake, mwambie palepale ni kipi utaweza na kipi hutaweza.

Hapohapo kwenye simu kuna jambo dogo linalofukuza watu kimyakimya. Mteja anapolipa, jina la mpokeaji linatokea kabla malipo hayajakamilika. Kama bango lako limeandikwa jina moja na kwenye simu linatokea jina la shemeji yako, mkono wake unasita. Chukueni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Ili mlipate hilo jina, lisajilini BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako siku hizi mnaomba kwa mtandao wenyewe bila kwenda Dar es Salaam, mkawa na namba ya mlipakodi kutoka TRA, ambayo hutolewa bure, na leseni ya jiji au halmashauri. Jueni tu kwamba jina la biashara si kampuni: deni la biashara bado ni deni lako na linaweza kufuata mali zako mwenyewe.

Wengi mnaona karatasi hizi ni za kumridhisha afisa. Zinalipa. Shule, zahanati na halmashauri zinanunua madawati, meza, vitanda na milango kila mwaka, na tangu 2023 manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao. Asiyesajiliwa humo hawezi kuomba kazi, anabaki kulalamika kwamba kazi zimechukuliwa na watu wa mbali. Sheria inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, na wazee nasi tumo. Ninyi mlio wengi ni vijana, tena mko karakana tano kwenye uchochoro mmoja. Undeni kikundi, msajili kwa afisa maendeleo ya jamii, mpeane kazi. Mkipata, mtatakiwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, na kumbukeni asilimia 2 ya bei ya bidhaa mnazoiuzia serikali huzuiwa kama kodi na kuhesabiwa kwenye makadirio yenu. Waiteni watu wa TRA wawaelekeze kabla hamjapanga bei, maana nimeona mafundi wakilia baada ya kulipwa.

Mliojifunza kazi kwa kushika msumeno wa mjomba, msione aibu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ukapewa cheti. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wapo hapo mjini kwa mafunzo na ushauri. Nendeni.

Jambo jingine, kwa kifupi. Kazi usiyoiweza mpeleke mteja kwa mwenzako anayeiweza, mwende wote wawili, umtambulishe. Kamisheni ikiwepo iwepo, isipokuwepo sawa.

Sasa wale ambao daftari lao tayari lina watu waliolipa na hawajapata. Msibadilishe jina la karakana. Msihamie Mbalizi. Kaeni leo jioni muandike orodha: jina, alilipa lini, kiasi gani, kazi gani, imefikia wapi. Kesho asubuhi wapigieni wote, mkianza na aliyesubiri muda mrefu kuliko wote, ambaye bila shaka ndiye mnayemkwepa zaidi. Mwambieni kweli kwamba mbao zake hazijanunuliwa. Mpeni mambo mawili achague: tarehe mpya iliyoandikwa na kusainiwa, au hela yake kidogo kidogo kila Jumamosi. Atafoka, na ana haki. Msikilizeni mpaka amalize. Kazi mpya zote mtakazopokea kuanzia kesho ziende kwa utaratibu wa vifaa kwanza, na faida yake yote, kabla hamjajilipa wenyewe, imalizie orodha hiyo mtu mmoja baada ya mwingine. Usimguse wa pili kabla ya kumkabidhi wa kwanza.

Anayetaka kuona namna daftari la kazi linavyopangwa, safu ya vifaa, ya malipo na ya tarehe, aje kwangu Uyole Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana. Aje na daftari lake, hata kama lina aibu ndani yake.

Ni mimi mzee wenu,
seremala mstaafu, Uyole, Mbeya