Waumini wasizuiwe kujisomea Biblia

Mhariri,

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja hapa Kisumu, mhubiri alituonya tusithubutu kufasiri Maandiko bila yeye. Nyanya aliyeketi kando yangu, ambaye jalada la Biblia yake ya Kijaluo limeshonwa kwa uzi wa gunia, alikohoa tu. Naomba kutofautiana na mhubiri huyo, kwa kuwa Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa kuyachunguza Maandiko kila siku ili kuhakikisha kama waliyofundishwa na Paulo, mtume mwenyewe, yalikuwa kweli. Najua pia kwamba towashi wa Kushi, katika sura ya 8, alihitaji mwinjilisti Filipo amweleze kitabu cha nabii Isaya; lakini Filipo alimkuta tayari anasoma, wala hakumnyang'anya kitabu hicho.

Msomaji,
Kondele, Kisumu